Sare ya Benchi: Namna ya Kuwavisha Makocha wa Skuli Bila Kuwachanganya na Wachezaji

Makocha wa skuli mara nyingi huvaa kilichobakia. Jezi zikishagawiwa wanafunzi, mbili zilizozidi huenda kwa kocha na msaidizi wake. Meneja huja na fulana ya semina ya mwaka juzi. Mwalimu wa kike anayesimamia wasichana huja na baibui lake kwa kuwa hakuna aliyemfikiria. Siku ya mechi benchi zima linafanana na abiria wanaosubiri daladala Darajani. Mwamuzi hajui amuite nani, mzazi hajui amuulize nani kuhusu mtoto aliyeumia, na mchezaji aliyechoka anampigia pasi mwalimu wake.

Mwongozo huu ni wa walimu wa michezo na kamati za skuli, Unguja na Pemba, na unakwenda kuanzia kuhesabu watu hadi kuanika nguo. Hesabu zake ni za benchi la watu saba, liwe la mpira wa miguu au la netiboli. Shikeni jambo moja tangu sasa, kwani maamuzi mengi ya mbele yataegemea hapo: chagueni kitu ambacho mwakani mtakipata tena kikiwa kile kile. Mwalimu mmoja atahamishwa, mwengine ataletwa, na benchi lenye rangi tatu zinazokaribiana bila kufanana linachukiza macho kuliko benchi lisilo na sare kabisa.

1. Andikeni watu kwa majina

Kocha mkuu, msaidizi wake, kocha wa makipa, meneja wa timu, mtu wa huduma ya kwanza, mtunza vifaa. Timu ya wasichana inahitaji pia mwalimu wa kike wa kuwasimamia hata kama kocha wao ni mwanamme. Hao saba. Mwalimu mkuu na wajumbe wa kamati watataka fulana nao; kama fedha ipo wapeni, lakini za rangi nyengine, maana hawakai benchi na hawatakiwi waonekane kama wanakaa.

Mbele ya kila jina andikeni kazi yake na mavazi yake ya kila siku. Mtu wa huduma ya kwanza hukimbia na kupiga magoti. Mtunza vifaa hubeba mipira na madumu ya maji, kwa hiyo nguo yake huchakaa mabegani kabla ya za wenzake. Mwalimu wa kike anayejisitiri siku zote hatovaa fulana ya mikono mifupi eti kwa sababu ndiyo iliyonunuliwa. Ataivaa juu ya baibui, au ataiacha kabatini, na fedha itakuwa imepotea. Muulizeni kabla, si baada.

2. Rangi: anzeni na jezi

Hapa ndipo skuli nyingi zinapokosea, tena kwa nia njema. Rangi ya skuli ni kijani, jezi ni kijani, basi na kocha avae kijani ili "tuwe kitu kimoja". Picha itapendeza. Uwanjani ni balaa.

Sheria ya 4 ya mpira wa miguu inataka timu mbili zitofautiane rangi, na zote zitofautiane na waamuzi. Kuhusu rangi ya kocha haisemi kitu. Lakini Sheria ya 1 inaruhusu eneo la ufundi, yaani pale mbele ya benchi anaporuhusiwa kusimama kocha, lifike mita 1 tu kutoka mstari wa pembeni, na hapo kocha anayesimama ni kama mchezaji wa kumi na mbili. Winga anayeinua kichwa kwa nukta moja anaona rangi ya timu yake ukingoni na kupiga mpira nje. Mshika kibendera wa upande wa pili, anayeangalia kuotea kwa kukata uwanja kwa macho, anaona mtu wa rangi ile ile nyuma ya mstari. Haitokei kila mechi, ila ikitokea mara moja kwenye fainali inatosha.

Basi fanyeni hivi. Tandazeni chini jezi ya nyumbani, jezi ya ugenini, jezi ya kipa na vizibao vya wachezaji wa akiba. Rangi zote hizo, pamoja na zinazokaribiana nazo, zitoeni katika hesabu. Tuseme skuli ina jezi ya kijani, ya pili nyeupe, kipa anavaa njano na vizibao ni vya rangi ya chungwa. Zinabaki buluu, damu ya mzee, zambarau, kijivu na nyeusi.

Nyeusi itoeni kwa juu: waamuzi huivaa sana, na jua la saa kumi litamchoma mtu aliyevaa nyeusi kuliko aliyevaa rangi nyengine yoyote. Kijivu, hasa kile chenye madoadoa, huonyesha jasho kikwapani na mgongoni kuliko rangi zote. Dakika ya ishirini kocha anaonekana kama aliyemwagiwa ndoo. Buluu iliyokoza sana ni nzuri mkononi dukani, lakini kutoka upande wa pili wa uwanja inageuka nyeusi na mnarudi kwa mwamuzi. Kwa mfano wetu zinabaki buluu ya kati, zambarau na damu ya mzee. Sisi tungechukua buluu ya kati, kwa sababu nyepesi tu: ndiyo inayopatikana kila mwaka. Zambarau hupatikana leo, mwakani ikatoweka.

Nyeupe inawavutia wengi kwa kuwa ni baridi, na kweli ni baridi. Lakini nyuma ya benchi hukaa wanafunzi wenye mashati meupe na mitandio myeupe, na kocha anapotea ndani yao. Nyeupe nyembamba ikiroa inaonyesha mwili. Na kwa Pemba, udongo mwekundu ukishaingia kwenye nyuzi za fulana nyeupe hautoki tena. Nyeupe iacheni kwa wageni rasmi.

Kabla ya kulipa, fanyeni jaribio la simu. Mtu mmoja asimame kwenye mstari wa pembeni akiwa amejifunga kitambaa mnachokitaka, na kando yake mchezaji mwenye jezi. Mwengine apige picha kutoka mstari wa upande wa pili. Sheria inaruhusu upana wa mita 45 hadi 90, kwa hiyo tumieni uwanja wenu halisi. Pigeni moja saa kumi jioni na moja saa kumi na mbili kasorobo, jua linapokaribia kuzama. Kisha igeuzeni picha iwe nyeusi na nyeupe. Kama kocha na mchezaji wana weusi sawa, rangi hiyo haifai, hata kama kwa macho zinatofautiana: magharibi ikikaribia rangi hufifia na kinachobaki ni weupe na weusi tu, na wapo wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani hata mchana.

Chini, suruali nyeusi kwa wote. Hapa nyeusi haina ubaya, inapatikana kila duka, na aliyepotezewa yake atanunua nyengine bila kutafuta kivuli cha rangi. Juu rangi moja, chini nyeusi, nembo na maandishi meupe. Msiongeze michirizi begani na kipande cha rangi ya tatu kwapani. Kila nyongeza ni kitu kimoja zaidi ambacho mwakani hamtokipata.

3. Kitambaa cha kuhimili Kaskazi

Wakati wa Kusi, Juni hadi Septemba, karibu kitambaa chochote kinavumilika. Nunueni kwa ajili ya Kaskazi, Disemba hadi Machi, joto linapokuwa kali na hewa ya bahari imejaa unyevu kiasi kwamba jasho halikauki mwilini. Pamba tupu hunywa jasho na kulishika. Fulana ya pamba iliyoroa ni nzito na hubana kifua. Poliesta iliyofumwa kwa vitundu vidogo hulisambaza jasho likauke, ingawa harufu hukaa ndani yake (dawa yake iko mwisho).

Kwa fulana ya kawaida tafuteni poliesta ya gramu 140 hadi 160 kwa mita ya mraba. Chini ya 130 huonyesha mwili na hunata. Kwa fulana ya kola, mchanganyiko wa poliesta 65 na pamba 35, gramu 180 hadi 200, hukaa vizuri na hushika tarizi bila kukunjana. Kupita 220 ni nguo ya watu wa baridi.

Muuzaji akisema "hii ni mia hamsini" msibishane naye, pimeni. Kateni mraba wa sentimita 10 kwa 10, upelekeni kwa sonara, mzani wake unasoma sehemu za gramu. Uzito mtakaoupata zidisheni kwa 100. Gramu 1.5 ni kitambaa cha 150, gramu 1.1 mmeuziwa kitambaa cha 110.

Kujua kama ni poliesta kweli, chomoeni nyuzi chache upindoni, zishikeni kwa kibanio juu ya sahani na ziwasheni. Poliesta hunywea, huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha jivu laini. Mchanganyiko huacha vyote viwili. Kisha tone la maji: lidondosheni juu ya kitambaa. Likikaa kama lulu bila kuingia, jasho nalo litakaa hivyo hivyo juu ya ngozi ya kocha. Hakikisheni hapo kwamba kitambaa kimefuliwa mara moja, kwa sababu kipya huwa na dawa ya kiwandani inayozuia maji.

Mwisho rangi. Lowesheni kitambaa cheupe, sugueni mara ishirini. Kikichukua rangi, fulana itachuja na kuharibu nembo yake yenyewe. Damu ya mzee na nyekundu ndizo za kuziogopa zaidi.

4. Vipande vya kila mtu

Fulana mbili kwa kila mtu, kwa sababu moja ikiwa kambani nyengine iwe mwilini. Suruali moja ya skuli. Ya pili mtu awe na nyeusi yake. Kofia moja yenye ukingo, kwani mabenchi mengi yana kivuli cha mwembe au hayana kabisa, na jua la jioni hupiga usawa wa macho. Raba nyeusi za mtu mwenyewe. Ndara hapana, mtu wa huduma ya kwanza akikimbia na ndara kwenye majani yaliyoroa mtakuwa na wagonjwa wawili.

Suruali isibane magotini. Mechi huanza baada ya alasiri na mara nyingi humalizika magharibi ikikaribia, na mtu huswali kando ya uwanja kwa nguo aliyonayo. Suruali inayombana akirukuu itamkera mwaka mzima. Mifuko iwe na zipu, saa ya kuhesabia na filimbi zisianguke. Bukta kama mnaziruhusu ziwe zinafunika magoti.

Kwa walimu wa kike, msikubali fundi au muuzaji awape "fulana ya kiume saizi kubwa". Inakuwa pana mabegani na bado fupi chini. Wanahitaji fulana ndefu ya mikono mirefu, urefu wa sentimita 85 hadi 90 kutoka bega kwa mtu wa kimo cha kati, yenye mpasuo wa sentimita 15 kila ubavu ili aweze kukimbia. Chini suruali pana au sketi ndefu nyeusi. Kichwani hijabu ya kuingiza kichwa tu, ya kitambaa cha kuvutika, isiyohitaji pini. Pini huchoma mtu akiinama, na ikidondoka kwenye uwanja wa netiboli mchezaji ataikanyaga. Ncha za hijabu ziingie ndani ya fulana. Rangi ama nyeusi ama ya fulana, ikatwe kutoka jora lile lile.

(Kwa wachezaji wenyewe hijabu iliruhusiwa rasmi katika mpira wa miguu mwaka 2014. Iwe nyeusi au ya rangi kuu ya jezi, na isishonewe kwenye jezi. Bado kuna wanaowakataza wasichana kwa kutojua.)

Makoti ya mvua ni ya Masika na Vuli. Si lazima kila mtu apate lake. Makoti manne, mawili L na mawili XL, yanatosha kuzunguka kwa wanaosimama. Nunueni yaliyozibwa mishono kwa ndani. Mshono usiozibwa hupitisha maji hata kama kitambaa hakipitishi.

Hesabu ya benchi la wanaume watano na wanawake wawili: fulana fupi 10 na ya akiba 1, fulana ndefu 4 na ya akiba 1, jumla 16. Suruali au sketi 7. Kofia 5 na akiba 1. Hijabu 4 na akiba 1. Makoti 4. Fedha ikipungua, kateni makoti, kisha kofia. Msikate fulana ya pili.

5. Vipimo, si herufi

L ya kiwanda kimoja ni M ya kingine na XXL ya cha tatu. Kuuliza watu "unavaa saizi gani" ni kutafuta ugomvi. Chukueni futikamba.

Pimeni kifua chini ya kwapa, tumbo pale lilipo kubwa, nyonga, na urefu kutoka bega hadi pale mtu anapotaka fulana iishie. Kwenye kifua ongezeni sentimita 10 hadi 12 za nafasi. Mwenye kifua cha 96 anahitaji fulana ya 106 hadi 108, yaani ikilazwa mezani iwe 53 au 54 kutoka kwapa hadi kwapa. Namba hii ya mezani ndiyo ya kumpa muuzaji, kwa sababu hata kwa simu anaweza kulaza fulana na kupima. Kama tumbo limezidi kifua, na kwa makocha wengi limezidi, pimeni kwa tumbo. Hakuna atakayecheka fulana pana. Inayopanda juu kila mtu anaponyoosha mkono ndiyo inayochekesha.

Ikiwa kitambaa kina pamba, kinaweza kurudi kwa asilimia 3 hadi 5. Fulana ya urefu wa sentimita 72 ikirudi kwa 5 inakuwa chini ya 69. Kifueni kitambaa kabla ya kukata.

6. Nembo na maandishi ya mgongoni

Kifuani kushoto nembo ya skuli, upana wa sentimita 7 hadi 8. Mgongoni kazi ya mtu: KOCHA, MENEJA, HUDUMA YA KWANZA, VIFAA. Msiandike majina ya watu na msiandike mwaka. Vyote viwili huifanya fulana isirithiwe.

Neno la mgongoni lina faida kuliko watu wanavyodhani. Tangu 2019 mwamuzi anaweza kumuonyesha kadi ya njano au nyekundu hata mtu wa benchi. Na pale kosa linapofanyika bila mwamuzi kumtambua aliyelifanya, adhabu inamwangukia kocha mwenye cheo kikubwa aliyepo kwenye eneo la ufundi. Kocha mkuu anaweza kuadhibiwa kwa ulimi wa mtunza vifaa. Herufi za sentimita 7, nene na zisizo na mapambo, husomeka bila shida ukiwa mita 20. Kwa netiboli, ambayo uwanja wake ni mita 30.5 kwa 15.25 tu, sentimita 5 zinatosha.

Tarizi ni ya fulana ya kola na kofia. Hudumu kuliko nguo yenyewe. Ila herufi ndogo kuliko milimita 5 hugeuka vinundu. Kama chini ya nembo yenu kuna maneno marefu ya kauli mbiu, yaondoeni kwenye tarizi. Kwenye fulana nyembamba tarizi huvuta kitambaa na kukikunja, na ule ukavu wa nyuma humkwaruza mtu kifuani. Hapo tumieni chapa.

Chapa ya wino mweupe juu ya poliesta ya rangi ina ugonjwa wake: moto wa kukaushia hufumua rangi ya kitambaa, ikapanda ndani ya wino. Nembo nyeupe kwenye damu ya mzee inatoka kiwandani nyeupe, wiki ya pili ni ya waridi. Muulizeni mpiga chapa maswali mawili: unao wino wa poliesta unaokauka kwa moto mdogo, na utaweka tabaka la kuzuia chini ya nyeupe? Wino wa kawaida hutaka karibu nyuzi 160 za Selsiasi. Wa poliesta hukauka kwa moto wa chini ya hapo. Akikuangalia kama umemtukana, tafuteni mwengine. Chapa ya kupikwa ndani ya nyuzi, ile isiyoshikika kwa mkono, ni nzuri sana lakini haitoi nyeupe na inahitaji kitambaa cheupe au cha rangi nyepesi, cha poliesta. Kwa sare yetu ya buluu haifai, labda fulana nzima ichapwe buluu juu ya nyeupe.

Nembo ipelekeni kama faili la vekta, yaani mchoro wa kompyuta unaokuzwa bila kupoteza kingo. Kama hamnalo, mlipeni mtu aichore upya mara moja tu, mlihifadhi. Picha ya nembo iliyopigwa kwa simu kwenye kibao cha skuli kisha ikapitia makundi matatu ya WhatsApp haina kingo tena. Mkituma kwa WhatsApp, ambatisheni kama hati, si kama picha.

7. Kununua tayari au kushonesha

Tayari ni haraka: maduka ya Darajani na Mwanakwerekwe, ya Chake Chake na Wete, na kwa wanaoagiza, Kariakoo ya Dar es Salaam. Muulizeni muuzaji kama rangi na aina hiyo huiingiza kila mara au ni mzigo uliopita. Mtumba kwa suruali nyeusi haina neno. Kwa fulana haifai hata iwe nzuri vipi, kwa sababu hamtapata mbili zinazofanana, sembuse kumi na sita.

Kwa fulana ndefu za wanawake kushonesha ni karibu lazima, na ukishafika kwa fundi ni afadhali zote zishonwe kwa kitambaa kimoja. Rangi za majora mawili hazilingani hata kama namba ni moja, kwa hiyo nunueni chote kwa siku moja, kutoka jora moja. Kwa kitambaa cha upana wa sentimita 150, fulana fupi moja hula wastani wa mita 1.3, ndefu mita 2, hijabu mita 0.75. Kwa hesabu yetu: 14.3, 10 na 3.75, jumla mita 28. Ongezeni asilimia 10 ya makosa na kurudi, mita 31. Ongezeni mita 2 za mwakani, 33. Pale kinapouzwa kwa kilo, mita moja ya upana huo kwa gramu 150 ni gramu 225, hivyo mita 33 ni karibu kilo 7 na nusu.

Fundi mzuri wa kanzu na suruali si lazima awe fundi wa vitambaa vya kuvutika. Muangalieni cherahani. Anahitaji ovaloki (mashine inayoshona na kufunga ukingo kwa pamoja), uzi wa poliesta, na sindano yenye ncha ya duara namba 75 au 80. Sindano kali hukata nyuzi na kuacha vitobo vidogo kando ya mshono, vinavyofunguka baada ya kufuliwa mara tatu. Mshono ulionyooka wa kawaida hukatika siku ya kwanza kocha akirusha mikono kulalamikia penalti. Aoneshe kipande alichoshona, kivuteni: kitambaa kikivutika na uzi ukalia, ondokeni.

Amuru sampuli moja kwanza, kamili, na nembo yake. Ifueni mara tatu, ivaeni mazoezini. Ndipo mlipe malipo ya awali, yasizidi nusu. Oda iandikwe kwenye karatasi na kusainiwa: kitambaa na uzito wake, kipande cha rangi kimebanwa hapo hapo, idadi kwa kila kipimo cha mezani, mahali na ukubwa wa nembo, tarehe ya kukabidhi, na nani analipia kosa.

Muda wa kuaminika ni wiki sita: moja ya majina na vipimo, moja ya rangi na kitambaa, moja ya sampuli, mbili za kushona na kuchapa, na ya sita ya kurekebisha, maana kutakuwa na la kurekebisha. Skuli inayotaka kupendeza kwenye sherehe za elimu bila malipo za Septemba ianze Julai. Pemba ongezeni wiki kwa mzigo unaovuka bahari, na ufungwe ndani ya mfuko wa nailoni kabla ya katoni. Katoni likiwekwa palipo na maji ya chumvi halizuii kitu.

8. Siku ya kupokea

Msihesabu tu. Lazeni kila fulana na pimeni kifua; tofauti ya sentimita 1 ivumilieni, 3 irudisheni. Igeuzeni ndani nje, vuteni mishono ya kwapa na ya bega. Kuna mafundi wanaoweka nzuri juu ya rundo, basi anzeni na za chini. Chapa ikwaruzeni kwa ukucha, ivuteni kidogo: ikipasuka kama tope kavu haikuiva. Zipangeni zote kivulini kisha juani ili kuona kama kuna iliyotoka jora jengine. Malipo ya mwisho baada ya haya yote.

9. Kufua na kuweka

Ndani nje, maji baridi, sabuni ya unga kidogo. Dawa ya kung'arishia nguo nyeupe isikaribie sare ya rangi. Vilevile dawa ya kulainisha na kunukiza: huziba vitundu vya poliesta na fulana ikaacha kukausha jasho. Skuli za pwani zenye visima vya maji ya chumvi suuzeni mara ya mwisho kwa maji ya mfereji au ya mvua, kwani chumvi hubaki kwenye nyuzi na kitambaa kinakakamaa. Anikeni kivulini palipo na upepo. Jua la adhuhuri hupausha buluu ndani ya msimu mmoja, na fulana mbili za mtu mmoja zikawa rangi mbili. Pasi isipite juu ya chapa.

Harufu ya jasho iliyokwama kwenye poliesta: kikombe kimoja cha siki nyeupe ndani ya ndoo ya lita 10, roweka nusu saa kabla ya sabuni. Koga nayo huanza kwa saa chache tu fulana mbichi ikiachwa ndani ya mfuko baada ya safari, hasa Masika. Mtunza vifaa asirudi nyumbani kabla hajazitandaza, hata kama ni usiku na meli imechelewa.

Kila nguo ishonewe namba ndani ya shingo na iandikwe kwenye daftari la vifaa pamoja na jina la aliyepewa. Akihamishwa, hurejesha kabla ya kuchukua barua yake. Mita 2 za kitambaa zilizobaki zikunjwe pamoja na oda iliyosainiwa, karatasi ya vipimo, faili la nembo kwenye flashi na jina la duka, ziwekwe kabati moja. Januari akija mwalimu mpya, fundi anapewa mfuko huo na kuanza kukata.